Point Grey: kiti kinachobwaga wakubwa

Kazi yangu ni kusoma mipaka ya majimbo na matokeo ya kura, na kila ninapoandika neno "jimbo" nalazimika kulieleza kwanza. Mtanzania akilisikia anamfikiria mbunge wake. Mkenya ana eneo bunge, na jimbo kwake linaweza kumkumbusha siasa za majimbo za miaka ya uhuru. Basi hapa British Columbia, magharibi mwa Kanada, nitaiita mkoa, na jimbo litakuwa eneo linalopeleka mbunge kwenye bunge la mkoa kule Victoria, mji mkuu wake. Mkoa wa Kanada usiufananishe na wetu wenye mkuu wa kuteuliwa: una bunge lake, na shule na hospitali ziko mikononi mwake. Mkubwa wa serikali hiyo nitamwita waziri kiongozi, kama Zanzibar walivyokuwa wakisema hadi 2010.

Jimbo lenyewe ni Vancouver-Point Grey. Katika mawaziri viongozi wanne wa karibuni wa mkoa huo, watatu waliingia bungeni au walirudi bungeni kupitia kiti hiki. Kwa hiyo watu hudhani ni kiti cha starehe, cha kumpumzisha kiongozi wa chama huku akizunguka mkoa kuwanadi wengine. Daftari la matokeo halisemi hivyo.

Point Grey ni ncha ya magharibi ya Vancouver, ardhi iliyochomoza baharini. Hadi mwisho wa 1928 ilikuwa manispaa yake yenyewe. Tarehe 1 Januari 1929 ikaunganishwa na jiji, na katika uchaguzi wa 1933 jina lake likaingia kwenye orodha ya majimbo. Mipaka imesogezwa mara nyingi tangu hapo, lakini kwa miaka mingi sasa moyo wa jimbo ni Chuo Kikuu cha British Columbia, nyumba za matajiri za West Point Grey, na sehemu ya Kitsilano yenye wapangaji wengi. Ukisimama Mtaa wa Blanca, mashariki yako ni jiji lenye meya na madiwani. Ukivuka barabara kuelekea magharibi, umeingia ardhi ya chuo na viunga vyake, ambako halmashauri ya jiji haina mamlaka. Viunga vile husimamiwa na serikali ya mkoa moja kwa moja, hivyo mambo ambayo kwingine yangeishia kwa diwani, kule yanamfuata mbunge. Mgombea anayekuja kwa jina kubwa bila muda wa kugonga milango hulijua hilo akiwa amechelewa.

Sasa tuingie kwenye karatasi ya kura, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Tangu 1933 hadi uchaguzi wa 1963 Point Grey ilikuwa na wabunge watatu kwa mpigo. Kila mpigakura alikuwa na kura tatu, na wagombea watatu wa juu walipita. Mfumo huu unaonekana wa haki mpaka upige hesabu: chama chenye wafuasi 40 kati ya kila 100, wote wakiwapigia watu wake watatu, kinaweza kuzoa viti vyote iwapo wapinzani wamegawana zilizobaki. Mwaka 1941 mmoja wa Wahafidhina waliopita alikuwa Tilly Rolston.

Huyu mama nampenda sana katika simulizi hii. Alichoshwa na serikali ya mseto ya Waliberali na Wahafidhina, akajitoa 1951, na mwaka uliofuata akasimama kwa tiketi ya Social Credit, chama ambacho wakubwa wa Vancouver walikiona cha watu wa shamba. Kwa uchaguzi wa Juni 1952 serikali ilikuwa imebadilisha sheria: mpigakura aandike 1, 2, 3 mbele ya majina, na asiyefikisha nusu asitangazwe mpaka kura za walioshindwa zigawiwe upya. Kwenye majimbo ya wabunge kadhaa, kila kiti kilipewa karatasi yake. Lengo halikufichwa sana. Vyama viwili vikongwe vilitaka wafuasi wao wapeane chaguo la pili ili chama cha kisoshalisti cha CCF kisiingie madarakani.

Wakauchimba mtego wakauingia wenyewe. Chaguo la pili lilikwenda kwa wingi Social Credit. Hesabu ilichukua wiki kadhaa, na ilipokamilika Social Credit walikuwa na viti 19, CCF 18, Waliberali 6, Wahafidhina 4, na chama cha Labour 1. Waziri kiongozi Byron Johnson mwenyewe aliangushwa jimboni kwake New Westminster. W.A.C. Bennett wa Social Credit akaunda serikali, na Rolston akawa waziri wa elimu, mwanamke wa kwanza Kanada kukabidhiwa wizara kamili. Uchaguzi ukaitishwa tena 1953. Chama chake kikashinda kwa wingi mkubwa kuliko mara ya kwanza, yeye Point Grey ikambwaga. Oktoba mwaka uleule akafariki.

Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni Robert Bonner, mwanasheria mkuu wa serikali ya Bennett na mbunge wa hapa tangu miaka ya 1950. Mwaka 1966 jimbo lilipunguzwa likabaki na wabunge wawili, na viti vyote viwili vikaenda kwa Waliberali: Pat McGeer na Garde Gardom. Serikali ilirudi madarakani, mwanasheria wake mkuu akabaki nje ya mlango. Akatafutiwa kiti kaskazini, Cariboo, akapita kwa uchaguzi mdogo. Kumbuka dawa hiyo, tutaikuta tena.

McGeer alikuwa mtafiti wa ubongo pale chuoni, na ujanani aliichezea Kanada mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya London ya 1948. Mwaka 1975 yeye na Gardom walihamia Social Credit. Kwa lugha ya siasa za Tanzania ya juzi, tungesema waliunga mkono juhudi. Tofauti ni kwamba kwetu mbunge akihama chama anapoteza kiti, na wao waliendelea kukaa bungeni mpaka uchaguzi wa Desemba mwaka ule, wakagombea kwa rangi mpya na Point Grey ikawarudisha. Wengine hutumia mfano huu kudai kwamba jimbo linafuata mtu. Mimi nadhani lilifuata hofu ya NDP, warithi wa CCF waliokuwa wametawala tangu 1972, lakini hilo ni jambo la kubishaniwa kwenye kahawa.

Mwaka 1986 wawili hao walikuwa wameondoka, na karatasi ya kura mbili ikatoa tokeo ambalo mfumo ule haulitoi mara nyingi: kiti kimoja kwa Kim Campbell wa Social Credit, cha pili kwa Darlene Marzari wa NDP. Ina maana walikuwepo wapigakura waliogawa kura zao makusudi kati ya vyama viwili hasimu, au vyama vyenyewe vilikaribiana mno kiasi kwamba jina la mgombea ndilo lililoamua. Campbell aligombana na mkuu wa chama chake kuhusu suala la utoaji mimba, akaondoka 1988 kwenda bunge la taifa. Mwaka 1993 akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa Kanada, kwa miezi michache tu. Kiti alichoacha Point Grey kilichukuliwa na NDP kwenye uchaguzi mdogo wa 1989.

Mwaka huohuo mahakama ikatoa hukumu katika shauri la Dixon: majimbo yenye tofauti kubwa mno za idadi ya watu yanavunja haki ya kupiga kura iliyomo katika katiba. Ramani ikachorwa upya, na majimbo ya wabunge wawili yakafutwa. Tangu 1991 Point Grey ina mbunge mmoja, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata kama hakufika nusu.

Na hapa ndipo matokeo mawili yanapotazamana kama mtu na kivuli chake. Mwaka 1996 Gordon Campbell, kiongozi wa Waliberali, aligombea hapa. Mkoa mzima chama chake kilipata kura nyingi kuliko NDP lakini viti 33 kwa 39, kwa hiyo yeye alishinda jimbo akakosa serikali. (Alivumilia. Mwaka 2001 alizoa viti 77 kati ya 79, na kiti chake alikilinda hadi alipojiuzulu 2011, hivyo nakiri kwamba si kila mkubwa amebwagwa.) Aliyemrithi, Christy Clark, hakuwa mbunge wakati ule. Akaingia kwenye uchaguzi mdogo wa Mei 2011 hapahapa, na akamshinda mwanasheria wa haki za raia, David Eby, kwa kura zisizozidi 600. Kwa waziri kiongozi mpya katika kiti cha mtangulizi wake, hiyo ilikuwa kengele.

Tarehe 14 Mei 2013 wakakutana tena. Kura za maoni zilikuwa zimeitabiria NDP ushindi wa mkoa, Waliberali wakapata viti 49 kati ya 85. Clark alishinda serikali akaangushwa jimboni. Usiku ule Eby aliongoza kwa mamia ya kura, na kura zilizohesabiwa baadaye zikaisogeza tofauti kupita 1,000.

Rafiki yangu wa Dodoma aliniuliza inawezekanaje mtu awe mkuu wa serikali bila kuwa mbunge. Tanzania Katiba inataka waziri mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Kanada hakuna sheria ya namna hiyo, kuna desturi tu kwamba atafute kiti upesi. Clark akapewa dawa ya Bonner: mbunge wa Westside-Kelowna, bara, akajiuzulu ampishe, na Julai akapita.

Eby ameshinda kila uchaguzi Point Grey tangu hapo, na Novemba 2022 akawa waziri kiongozi. Aliapishwa katika ukumbi wa Wamusqueam, wenyeji wa asili wa ncha hii ya nchi, ambao jimbo lilipoundwa 1933 hawakuruhusiwa kupiga kura ya mkoa. Kizuizi hicho kiliondolewa 1949. Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 NDP ilipata viti 47 kati ya 93. Kiti kilichoipa wingi huo kilipatikana Surrey-Guildford kwa tofauti ya kura 22 baada ya kuhesabiwa upya. Cha Point Grey hakikumtoa jasho.