Baipodi au stiki: tazama majani kwanza, duka baadaye

Kila msimu wa uwindaji unapokaribia, vijana wa kusini Unguja wanaokwenda bara kufanya kazi kwenye kambi za wageni wanaokuja kuwinda huniuliza suali moja. Wa mwisho alikuwa kijana wa Muyuni: "Ami, mgeni wetu anataka kujua alete baipodi au stiki. Tumwambie nini?" Nilimjibu kwenye simu kwa maneno mawili, alete stiki, lakini jawabu hilo lina sababu zake, na anayebeba vifaa vya watu porini anatakiwa azijue.

Kwa asiyewahi kuviona: baipodi ni miguu miwili ya chuma inayofungwa chini ya ubao wa mbele wa bunduki, ikakunjwa isipotumika. Stiki ni miti, aghlabu mitatu, iliyofungwa pamoja karibu na ncha za juu. Haishikamani na bunduki. Mpiga nyayo, yaani anayefuata alama za mnyama, au mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, huibeba mkononi, na mnyama akionekana huifungua, mgeni akalaza bunduki kwenye panda yake, pale juu miti inapokutana, na kupiga hali amesimama.

Sasa, kwa nini bunduki iegemezwe? Mtu aliyetembea tangu alfajiri, ana bunduki ya kilo nne mikononi, pumzi zinapanda na kushuka, moyo unamwenda mbio kwa kumwona mnyama. Chukua kwamba kutoka begani mpaka pale mkono wa mbele unaposhika ni sentimita 70. Bega likitulia na mkono huo ukacheza milimita 1 tu, basi kwenye mita 100 shabaha imehama sentimita 14. Swala pala akisimama ubavu, moyo na mapafu yake havizidi sana upana wa dafu. Milimita 1 ya mkono inatosha kuitoa risasi kwenye moyo na kuipeleka tumboni, na mnyama wa risasi ya tumbo huondoka nayo, akateseka saa nyingi kabla hajafa au hajapatikana. Hiyo ni dhulma. Mimi sina subira na mtu anayesema kuegemeza bunduki ni kwa wasiojua kulenga. Anayejua kulenga ndiye anayetafuta pa kuiegemeza, hata kama ni kichuguu au tawi la mti.

Tukija kwenye majani. Msimu ukifunguliwa mwezi wa Julai, sehemu nyingi za misitu ya miombo kule Selous, pori la akiba la bara, majani bado yako kiunoni, pengine kifuani, kwa sababu moto haujapita kila mahali. Baipodi fupi, zile zinazofunguka sentimita 15 hadi 23, zinamtaka mpigaji alale kifudifudi. Alale aone nini? Mashina ya majani. Harris wa Marekani, ambao ndio wanaojulikana zaidi kwa kifaa hiki, wanatengeneza pia ndefu zinazofika kiasi cha sentimita 69, lakini hizo ni za mtu aliyekaa kitako, na kwenye majani ya kiunoni aliyekaa kitako naye haoni kitu. Hata majani yakishaungua, bado kuna vichaka, kuna vichuguu, na ardhi ina visiki vyeusi na miba. Mnyama mwenyewe mara nyingi yuko mita 60, mita 100, mita 150, na hakupi nafasi ya kulala chini ukajipanga. Anainua kichwa, anakutazama, sekunde chache, keshaondoka.

Tena baipodi ndefu ina karibu nusu kilo, na nusu kilo hiyo inaning'inia mbele, pale ambapo mkono unachoka upesi. Kwenye kichaka inanasa kwenye kila mtambaa. Nyati akitoka ghafla, bunduki inayonasa ni hatari kwa watu wote mliopo, na wewe uliye mbele kwenye nyayo ndiye wa kwanza.

Siikatai moja kwa moja. Pahala peupe, milimani au nyikani, ambapo watu hupiga mbali na kuna nafasi ya kulala, haina mfano. Hata kambini ina kazi: mgeni akifika, kabla ya kuwinda lazima ajaribu bunduki kwenye ubao wa shabaha, maana darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki inaweza kuhama kwa misukosuko ya safari, na hapo baipodi inafaa sawa na mfuko wa mchanga. Ila ukiiweka juu ya meza ngumu au jiwe bunduki hurukaruka, na risasi inaweza kwenda pengine na pale ambapo ingekwenda ukiwa kwenye udongo laini. Kwa hiyo mwombeni mwindaji bingwa wenu, baada ya kupima mezani, mgeni apige risasi chache kwenye stiki zile zile atakazowindia. Hapo ndipo mtajua anachoweza na asichoweza, na mtajua mumsogeze mpaka wapi kabla hajapiga.

Habari ya idadi ya miguu haina mjadala mrefu kwangu. Mguu mmoja unazuia bunduki isishuke, lakini inayumba kulia na kushoto. Miwili iliyopishana inapunguza kuyumba huko, ni myepesi, na ni mizuri kwa mtu aliyekaa, ila huanguka mbele na nyuma. Mitatu inasimama peke yake. Siku hizi kuna ya miguu minne kutoka Ulaya, ambayo hushika bunduki pahala pawili, mbele na karibu na kitako, na kwa utulivu inaishinda yote. Kwa mtu anayemngoja mnyama pahala pamoja ningeisifu. Kwa kutembea siinunui: mnyama akipiga hatua tano kulia, lazima uihamishe yote, na kuihamisha ni mwendo mkubwa anaouona. Mitatu inakuruhusu ugeuze bunduki kwenye panda bila kugusa mti wowote chini.

Kununua au kutengeneza? Za kiwandani za alumini, zenye miguu inayorefuka kwa kubonyeza kitufe kama Trigger Stick ya Primos, zinakwenda upesi na zinamfaa mtu mrefu na mfupi. Aibu yake ni mbili. Chuma kikigonga jiwe kinalia, na mlio huo si wa porini. Na kwa sisi tunaoziweka nyumbani pwani baada ya msimu, chumvi na mchanga vinaingia kwenye viungo na springi, ukija kuzifungua mwakani zimekwama. Ukiwa nazo, zioshe kwa maji baridi ya mfereji (ya bomba, si ya bahari), zikaushe kivulini, tia mafuta kidogo ya mashine. Baipodi nayo ni hivyo hivyo, springi zake ndizo huanza kupata kutu.

Mimi napenda za mwanzi. Chagua mwanzi uliokomaa, si ule mbichi wa kijani unaong'aa, unene wake upate sentimita 2 na nusu hivi chini, na vifundo viwe karibu karibu. Uloweke majini wiki kadhaa. Wanga uliomo ndani hutoka, na wanga ndio dumuzi wanaoufuata; mwanzi usiolowekwa utaukuta umebunguliwa, unatoa unga mweupe, na siku ya kazi unavunjika kwenye mkono wa mgeni. Baada ya hapo uanike kivulini, umelazwa ukiwa umenyooka, si juani, kwa sababu jua kali hupasua. Kata chini ya kifundo ili ncha ya chini iwe imeziba na isijae udongo.

Watu huniuliza kwa nini si fito za mikoko, ambazo zimenyooka na ziko karibu. Kwanza ni nzito, na mzigo huo ni wako kutwa nzima. Pili, mikoko yetu ya Chwaka na kwengineko imekatwa vya kutosha, na kuikata kunataka kibali. Iacheni.

Kufunga ndiko kwenye ufundi. Chukua tyubu ya baiskeli, kata ukanda wa upana wa vidole viwili, upitishe kati ya miti mitatu kwa kupishanisha, mti wa kwanza juu, wa pili chini, wa tatu juu, kisha urudi kinyume chake, kama sentimita 15 kutoka ncha za juu. Usikaze mpaka miti isicheze. Ikifungwa sawasawa, ukiibana miti pamoja na kuiachia inataka kufunguka yenyewe kidogo, na ukiifungua mpira unaishika pale ulipoiacha. Kamba ya makumbi ya nazi nimeiona ikitumiwa, na kwa uimara haina shaka, lakini haivutiki, kwa hiyo miguu inalegea na kuporomoka. Makumbi yafaa kuzungushwa juu, kwenye zile ncha tatu zinazoshika bunduki, ili ubao usiteleze na usikwaruzwe. Ngozi ni bora zaidi ukiipata.

Urefu ndio unaowashinda wengi, na hesabu yake si ngumu. Tuseme mti una sentimita 180, na chini ya fundo zimebaki 165. Ukitanua kila mguu sentimita 60 kutoka katikati, panda inakaa kwenye sentimita 154 kutoka ardhini. Hapo mtu wa sentimita 175 anapiga amesimama bila kuinama wala kunyoosha shingo. Ukitanua mpaka 80, panda inashuka kwenye 144, na huyo huyo atainama, mgongo utaanza kutetemeka. Kwa hiyo mgeni mrefu anataka miti mirefu, kwani huwezi kupandisha stiki fupi ila kwa kuibana miguu, na ukiibana inakosa msimamo. Ndefu waweza kuishusha wakati wowote. Mwulizeni mgeni kabla hajafunga safari: amesimama na viatu vyake vya porini, macho yake yako sentimita ngapi kutoka chini? Toa 6 au 7 kwa ajili ya darubini kukaa juu ya mtutu na ubao kukaa chini yake, panda ije hapo. Hicho ndicho kipimo cha kukatia miti.

Katika kuitega, mguu mmoja uelekee kwa mnyama, miwili ibaki upande wa mpigaji, na miguu yake yeye isimame kati. Ukitaka kupandisha au kushusha kidogo, sogeza ule wa mbele peke yake. Kinacholala kwenye panda ni ubao wa bunduki, kamwe si mtutu. Mtutu hutikisika risasi inapopita, na ukiegemea kitu kigumu risasi hubadili njia, mara nyingi hupanda juu. Mkono wa kushoto ushike ubao na panda pamoja. Hili mkumbusheni mgeni mwenye .375, bunduki ya wanyama wakubwa, kwa sababu bunduki ya nguvu ile huruka kwenye stiki, na akihitaji risasi ya pili atakuwa anaitafuta hewani.

Jambo moja kuhusu ruhusa, maana naulizwa sana. Wanyamapori si suala la Muungano. Leseni na vibali vya kitalu cha bara, yaani eneo lililotengwa la kuwindia, chini ya mamlaka ya huko, havikupi haki yoyote ya kuwinda Unguja au Pemba. Wasasi wetu wa kusini, yaani wawindaji, wana desturi yao ya mbwa na nyavu, na wanajua shida ya nguruwe mwitu kwenye mihogo, lakini paa nunga amebaki mchache mno, na Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Hata kule bara mambo yamebadilika: sehemu kubwa ya Selous ya zamani imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na hifadhi ya taifa haiwindwi. Kabla ya kukubali kazi, jueni kitalu chenu kiko wapi. Stiki zenyewe hazina mipaka hiyo. Nazitumia Jozani kuegemezea darubini ya mkono nikitazama kima punju, na wapiga picha waliozijaribu hawataki kuzirudisha.

Mazoezi hayahitaji bunduki. Chukua ubao ulionyooka wenye uzito wa kilo nne, simama uwanjani, chagua tundu kwenye ukuta. Stiki iwe imefungwa, mkononi, kama ilivyo njiani. Ifungue, itege, laza ubao, lenga, na macho yako yasitoke kwenye tundu lile hata mara moja. Mwenzako asimame pembeni akutazame uso. Ukitazama chini kutafuta miguu ya stiki, uanze upya. Wewe mpiga nyayo jizoeze pia kuitega mbele ya mtu mwingine huku umepinda magoti, kisha uteleze ubavuni mwake bila kumgusa na uzibe masikio yako, kwa sababu mdomo wa mtutu utakuwa karibu na kichwa chako na mgeni hatakungoja.