Depo: stesheni ya mji mdogo wa Marekani

Kwetu depo ni mahali pa kuhifadhia mzigo: depo ya mafuta, depo ya soda. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama depo ya vifaa vya reli. Huko Marekani, hasa kwenye majimbo ya kilimo ya kati kama Iowa, neno hilohilo lina maana nyingine. Depo ni jengo la stesheni, na mara nyingi ni kijengo cha mbao cha vyumba vitatu tu.

Upande mmoja kilikuwa chumba cha abiria, chenye mabenchi na jiko la makaa. Upande wa pili palikuwa na bohari yenye milango mipana, iliyopokea madebe ya malai, vizimba vya kuku, majembe, na hata majeneza. Katikati kulikuwa na ofisi ya stesheni masta. Ukuta wa ofisi hiyo ulichomoza kuelekea reli, ukiwa na dirisha mbele na vidirisha ubavuni, ili mtu aweze kukaa mezani kwenye mashine yake ya telegrafu na bado aone treni ikija kutoka pande zote mbili. Dirisha hilo ndilo alama ya depo. Paa linaweza kubadilishwa na rangi ikapakwa upya, lakini ukiliona hilo dirisha utajua jengo lilikuwa nini.

Stesheni masta alikata tiketi, akapokea barua na vifurushi, akatuma na kupokea simu za maandishi. Kazi iliyohitaji moyo zaidi ilikuwa kukabidhi amri za safari kwa treni isiyosimama. Amri iliandikwa kwenye karatasi nyepesi na kufungwa kwenye fimbo ndefu yenye pete. Naye alisimama hatua chache tu kutoka kwenye reli, mkono juu, treni ikipita kwa kishindo, hadi mtu wa kwenye injini atie mkono ndani ya pete na kuondoka nayo.

Depo zilikuwa karibukaribu, mara nyingi kilomita 11 hadi 16 kati ya moja na nyingine, kwa sababu mkulima alileta nafaka kwa gari la farasi na alitaka kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwaka 1916 reli za Marekani zilifikia kilele chake, zaidi ya kilomita 400,000. Baadaye barabara nzuri na malori yakazichukulia mizigo. Mwaka 1967 posta iliondoa sehemu kubwa ya barua zake kwenye treni, na mwaka 1971 treni za abiria zilipohamishiwa Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, njia nyingi zilifutwa. Simu na redio zikamaliza kazi ya telegrafu. Depo isiyo na kazi ilikuwa gharama kwa kampuni, hivyo ikabomolewa au ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Kaunti ya Union, kusini magharibi mwa Iowa, inaonyesha jambo hili vizuri. Creston ni mji uliozaliwa na reli ya Chicago, Burlington & Quincy. Depo yake ya matofali, iliyojengwa mwaka 1899, ni kubwa kuliko mahitaji ya mji wa ukubwa wake. Wenyeji waliipigania isibomolewe, na leo ofisi za mji zimo ndani yake. Treni ya California Zephyr bado husimama hapo, kila siku moja kwenda Chicago na moja kwenda magharibi.

Majirani zake hawakubahatika. Thayer na Cromwell ziko kwenye njia hiyohiyo, lakini treni ya abiria hupita bila kusimama. Lorimor na Arispe zilikuwa kwenye Chicago Great Western, kampuni iliyomezwa na Chicago & North Western mwaka 1968. Naona depo hizi ndogo ndizo zinazostahili kukumbukwa zaidi, maana mji mkubwa una mahakama na hospitali, ilhali kijiji kilikuwa na depo tu kama mlango wa kutokea duniani.

Depo nyingine zilibebwa nzimanzima kwenye trela hadi mashambani zikawa ghala au banda. Kwa hiyo ukipita vijijini huko, ukakuta banda la trekta lenye dirisha lililochomoza ukutani, likitazama mahindi, hapo unaangalia depo.