Simbilisi Hangoji Jumatatu: Dhana Potofu Kuhusu Dharura Zake

Kwanza jina la huyu mnyama mdogo mla nyasi, anayefugwa nyumbani kama sungura. Hapa Uganda wengi humwita ginipigi, na wapo wanaomwita pimbi, ingawa pimbi ni mnyama mwingine kabisa, yule wa kwenye majabali. Mimi nitamwita simbilisi. Nyumbani kwetu Bombo tulianza na wawili, watoto walipochoka kuomba mbwa.

Dhana: Akiugua utamjua tu.

Huyu ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa hujikaza. Ukimkuta amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, ujue ugonjwa ulishaingia zamani. Kinachokuambia mapema ni mizani. Ile ya kidijitali ya kupimia unga wa keki inatosha. Mpime kila wiki, uandike. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200 hivi. Aliyekuwa 1,000 akisoma 900, usingoje dalili nyingine. Tazama na kinyesi pia: vipunje vikiwa vichache, vidogo na vikavu, tumbo limeanza kugoma.

Dhana: Hajala leo, atakula kesho.

Utumbo wake umezoea kusaga nyasi mchana na usiku. Ukikaa mtupu unasimama, gesi inajaa, na simbilisi hawezi kutapika. Akimaliza nusu siku hajagusa chakula, hiyo tayari ni dharura, hata kama ni Jumamosi jioni.

Ndiyo maana nina kikopo chenye bomba la sindano la mililita 5 (sindano yenyewe nimeitupa), chakula cha punje cha sungura, na taulo dogo. Punje husagwa, zikalowekwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji. Mlishe kidogo kidogo kwa pembeni mwa mdomo, akiwa amekaa, kamwe asiwe chali. Ila kama tumbo limevimba na linalia kama ngoma ukiligonga kwa kidole, usimlishe chochote. Ita boda.

Dhana: Dawa ya mtoto haiwezi kumdhuru, mpe kidogo tu.

Hii nimeilipia. Dume letu lilianza kutoka kamasi. Jirani, kwa nia njema kabisa, akanishauri amoksilini. Duka la dawa likaniuzia vidonge bila swali, nami nikapunguza unga wake kwa ncha ya kisu nikijiona mwangalifu. Siku ya tatu akaharisha. Siku ya nne hakuamka.

Sikujua kwamba bakteria wazuri wa tumbo lake ndio wanaomsagia majani. Amoksilini ya kumeza huwafagia, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wanaotoa sumu. Ampisilini, klindamaisini na erithromaisini ni wa kundi hilo hilo la hatari. Kupunguza kipimo hakukuniokoa, maana tatizo ni dawa yenyewe.

Dhana: Tone la vitamini C kwenye maji linatosha.

Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo, kama wetu. Lakini ndani ya maji huharibika upesi, na ladha ikibadilika mnyama hupunguza kunywa. Mpe kipande cha pilipili hoho kila siku, au kipande kidogo cha pera. Majani ya mparachichi yasimkaribie. Yana sumu, na miparachichi kwetu iko kila ua.

Dhana: Amezaliwa Afrika, joto halimsumbui.

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Joto likipita nyuzi 27 awe kivulini penye upepo. Kule Arua mwezi wa Januari hilo si suala la kujadili. Akihema kwa nguvu na kulegea, lowesha masikio na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, huku safari ya kwa daktari ikiandaliwa.

Dhana: Daktari yeyote wa mifugo atamtibu.

Wengi wa madaktari wetu siku nzima wako kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Si kosa lao. Kosa ni langu nikianza kutafuta namba saa nne usiku. Piga simu mnyama akiwa mzima. Makerere kuna chuo cha tiba ya mifugo, pazuri pa kuanzia kuulizia. Maswali yangu ni mawili: umewahi kutibu simbilisi au sungura? Na akiwa na kifua, utampa antibiotiki gani? Akitaja enrofloksasini, au trimethoprimu pamoja na salfa, naiandika namba yake ukutani.

Kwa safari, boksi lenye matundu na nyasi za kutosha. Usimfungishe njaa eti anakwenda hospitali. Na mwenzake mtie humo humo. Wakiwa wawili hawatetemeki sana juu ya boda.