Katuni ya gazeti kuwa mali ya umma maana yake nini? Tuichukue Tintin ya Kongo

Katuni ikiwa mali ya umma maana yake muda wa hakimiliki umeisha, yeyote anaweza kuichapa upya bila kuomba wala kulipa. Ishu ni kwamba muda wenyewe unategemea uko nchi gani.

Tintin au Congo ya Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, ni hadithi ya Tintin, kijana mwandishi wa habari, akiwa Kongo enzi ikiwa koloni la Ubelgiji. Ilitoka 1930 hadi 1931 kwenye Le Petit Vingtième, kijarida cha watoto cha gazeti moja la Brussels, na Wakongo mle wamechorwa kama watu wasiojua chochote mpaka mzungu aje. Hergé alifariki 1983, Ulaya wanahesabu miaka 70 baada ya kifo kwa hiyo itakuwa huru 2054, Kenya ni miaka 50 yaani 2034, ila Marekani wanahesabu miaka 95 toka ilipochapwa, kwa hiyo kurasa za 1930 ziko huru tangu Januari 2026 na za 1931 ni Januari 2027.

Kile kitabu cha rangi cha 1946 hakimo kwenye hesabu hiyo ya Marekani, kile alikichora upya na kina muda wake. Na hapa ndo pananiuma, manake kwenye toleo la gazeti Tintin anaingia darasani anawaambia watoto wa Kikongo kwamba leo anawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji! Mwaka 1946 wakaifuta hiyo wakaweka hesabu za kujumlisha. Kwa hiyo anayesoma kitabu cha kawaida haoni kabisa watoto wa Ulaya walikuwa wanalishwa nini.

Hata nani anamiliki ni vita. Moulinsart, kampuni iliyosimamia haki za kazi za Hergé, iliishtaki klabu ya mashabiki Uholanzi kwa kutumia picha kwenye jarida lao, 2015 mahakama ya rufaa ikasema kwa mkataba wa 1942 haki za vitabu zilikwenda kwa Casterman, mchapishaji, kwa hiyo Moulinsart haina la kudai.

Ila hakimiliki haigusi ubaya wa kilichochorwa. Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo, alifungua kesi Ubelgiji akitaka kitabu kizuiwe au angalau kiwekewe onyo, 2012 akashindwa. Mi nasema kichapwe chote kama kilivyotoka, na maelezo mbele. Kufikia 2027 Mkongo aliyeko Marekani anaweza kuchapa toleo zima la gazeti, awe tu makini na jina Tintin manake ni alama ya biashara, na dibaji akaiandika mwenyewe.