Pomodoro ya saa tatu haipo

Mitihani ikikaribia hapa Tabora, wanafunzi wa vyuo hujaa na madaftari yao chini ya miembe, na siku hizi neno ni moja: pomodoro. "Jana nimepiga pomodoro ya masaa matatu." "Mimi nimeanza saa tano usiku mpaka saa nane, pomodoro moja tu, sijainua kichwa." Wiki hii nimelisikia hadi kwa fundi simu, akijisifu kwamba hajala tangu asubuhi. Nimevumilia vya kutosha.

Pomodoro ni dakika 25 za kazi moja, zinazopimwa kwa saa yenye kengele, kisha dakika 5 za kupumzika. Zikitimia nne, unapumzika zaidi, dakika 15 hadi 30. Jina ni la Kiitaliano, maana yake nyanya, kwa sababu Francesco Cirillo aliyebuni utaratibu huu mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Italia, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kuhusu jina, yameisha.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Kukaa saa tatu bila kuinua kichwa kuna jina lake la siku nyingi, kila aliyepita bweni analijua: kupiga msuli. Pomodoro ni kitu kingine kabisa, ni kipimo. Mtu akikwambia amenunua mchele kisado kimoja, kikubwa kama gunia, utamcheka. Na tukumbuke ilianzia wapi. Cirillo hakuwa bingwa wa kukesha. Alikuwa mtu aliyeshindwa kutuliza akili kwenye kitabu, akajiwekea dau: je, naweza kusoma kweli kweli kwa dakika 10 tu? Hata hizo mwanzoni zilimshinda. Alijaribu vipindi vya urefu mbalimbali ndipo akatulia kwenye 25. Kwa hiyo dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya wasioweza kukaa, na wanaojitapa nayo ni wale wenye makalio ya chuma.

Kwa kuwa pomodoro ni kipimo, haina nusu. Ukikatizwa dakika ya 18 ukaacha, hiyo imekufa, unaanza upya. Watu hawapendi kusikia hivi, wanaona ni ukali wa bure. Lakini kila inayotimia unaiwekea alama kwenye karatasi, na baada ya muda karatasi inakuambia kwamba sura moja ya uhasibu inakula pomodoro tatu na ripoti ya mafunzo kwa vitendo inakula tano. Kazi inayozidi tano au saba inatakiwa ikatwe vipande. Ukihesabu na zile zilizokatika, karatasi yako inakudanganya.

Najua jibu: hapa kwetu haiwezekani, mzee akipita na "mwangaluka" yake huwezi kubaki umeinamia daftari. Ni kweli, na salamu zetu haziishii kwenye neno moja. Kuna habari za nyumbani, za mvua, za mahindi. Lakini utaratibu wenyewe haukuambii ujifiche. Unamweleza mtu, mnapatana muda, unaandika pembeni, kisha unamrudia. "Shikamoo mzee, naomba nimalizie hapa, nakufuata baada ya dakika kumi." Wazee wengi wanakubali, mradi kweli umfuate. Likija lisilosubiri, msiba kwa mfano, unafunga daftari na ile inafutwa, hakuna aibu. Kwa maoni yangu msumbufu mkubwa ni kichwa chako mwenyewe, kinachokumbuka vocha na umeme wa luku katikati ya hesabu. Hayo nayo yaandike pembeni, uendelee.

Halafu zile dakika 5. Wengi wanazichukulia kama ruhusa ya kufungua simu. Ukiingia kwenye kundi la WhatsApp unakuta michango ya harusi, unarudi kwenye kitabu mwili tu, akili imebaki kwenye kamati. Simama, kunywa maji, zunguka mwembe. Hazikuwekwa kuwa zawadi ya waliofanya vizuri. Ni sehemu ya kipimo, na anayeziruka ili "asipoteze moto" amesharudi kwenye msuli.

Sasa, mdogo wangu uliyekesha mpaka saa nane, sikubezi hata kidogo. Umepiga msuli, na mtihani unaweza ukaenda vizuri tu. Ila ukitaka kuiita pomodoro, leo usiku tega dakika 25, na kengele ikilia weka kalamu chini, hata kama sentensi haijaisha.