Mwani vamizi na mwanga: mambo tunayoyakosea

Kwenye Nanenane moja hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, nilisimama bandani kwa mama mmoja kutoka Unguja aliyekuwa akiuza sabuni ya mwani. Kwenye ungo alikuwa ameweka mwani mkavu, umepauka na kujikunja kama kamba ya manila iliyochoka, chumvi imegandia kwenye vitawi. Kijana mmoja akaushika, akauliza: "Mama, hili si gugu tu? Likipata jua linajiotea." Mama akamjibu, "Jua hilohilo, mwanangu, ndilo linaloniulia shamba."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Haya ndiyo maneno tunayoyasikia na kuyakosea kuhusu mwani vamizi, yaani mwani wa kigeni unaoenea na kuwasonga wenyeji.

"Mwani vamizi unashinda kwa sababu unapenda jua." Jua la saa sita kwenye maji ya magotini linaweza kuuchoma hata mwani. Mwanga ukizidi, mwani hupunguza klorofili, ile rangi ya kijani ya kunasa mwanga, na kuumwaga mwanga wa ziada kama joto, ndiyo maana hupauka. Ukiwa kilindini hufanya kinyume: huongeza rangi zake za kunasa mwanga na kukolea. Aliyewahi kupanda maharage chini ya migomba kule Tukuyu ameshaona jambo la aina hiyo, jani la kivulini huwa pana na laini, la juani dogo na nene. Tofauti ni kwamba mwani haungoji jani jipya. Ndani ya siku chache hujirekebisha palepale ulipo. Baadhi ya mwani vamizi hulimudu jambo hili kwa upana kuliko majirani zake, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

"Mwani mwekundu ni wa kilindini, wa kijani ni wa juu." Hii ina mizizi mirefu. Mwanasayansi Mjerumani, Engelmann, aliiandika mwaka 1883, na hoja yake ina mantiki. Maji humeza mwanga mwekundu mapema. Shusha kitambaa chekundu mita 10 pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, siku ziwa limetulia, utakiona kama cheusi. Chini hubaki bluu na kijani, na mwani mwekundu una rangi maalumu za kunasa mwanga huo. Mwani ulioonekana kwenye kina kikubwa kabisa, mita 268 huko Bahamas, ni mwekundu kweli.

Lakini kanuni haisimami. Miamba ya maji mafupi imejaa mwani mwekundu. Na Codium fragile, mvamizi wa kijani kutoka Asia ya Mashariki aliyesambaa Ulaya na Marekani, ana rangi yake ya ziada inayonasa mwanga wa kijani, ule ambao majani ya shambani kwetu huuachia kwa kiasi kikubwa. Jambo lililonichekesha mimi ni kwamba mwani wa yule mama uko kwenye ukoo wa mwani mwekundu, ingawa baharini unaweza kuuona wa kijani au wa kahawia. Kwa hiyo ukiuhukumu kwa macho unakosea.

"Maji yakichafuka, mvamizi naye anakufa." Ukiuona mto Kiwira wakati wa masika, ulivyo kama chai ya maziwa, utaamini hakuna kinachoota chini yake. Baharini udongo wa namna hiyo huwaumiza kwanza wenyeji wanaodai mwanga mwingi. Nyasi bahari, mimea ya kweli yenye mizizi inayoota chini ya bahari, kwa wastani huhitaji kama sehemu ya kumi ya mwanga unaofika juu ya maji, wakati mwani wa aina nyingi huridhika na mwanga mdogo kuliko huo. Undaria, mvamizi mwingine, ambao Wajapani huula kwa jina la wakame, una hatua ya uchanga isiyoonekana kwa macho inayoweza kukaa gizani kwa miezi, ikisubiri mwanga urudi. Na Caulerpa taxifolia, mvamizi wa kijani, ulionekana mwaka 1984 kwenye kipande cha kama mita moja ya mraba huko Monaco, chini kabisa ya makumbusho ya bahari. Baadaye ukatambaa Mediterania, kwenye maji mafupi na marefu, safi na machafu. Mmea mzima, urefu wake wote, ni seli moja. Kipande kikikatika kinaendelea na maisha.

"Kila mwani wa kigeni ni mvamizi." Hapana. Mbegu za mwani uliolimwa kibiashara Zanzibar kuanzia 1989 zilitoka Ufilipino. Mmoja wa jamii hizo, Kappaphycus, uligeuka balaa kwa matumbawe ya ghuba ya Kaneohe, Hawaii. Pwani moja shamba, nyingine kero.

"Siku moja utafika Ziwa Nyasa." Kijana yule aliuliza hili pia. Wavamizi hawa ni wa maji chumvi, na Nyasa ni maji baridi. Sisi wa bara tuna magugu maji ya kutuhangaisha, na hayo hayahangaiki na mwanga wa chini hata kidogo: huelea juu, yakalichukua jua lote kabla halijagusa maji.

Mama akamfungia sabuni mbili kwenye gazeti. "Ndaga," kijana akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. Mama hakuelewa, akarudisha chenji.