Zamani haikuwa chakavu

Juzi nimeletewa nikague gunia la nguo na baiskeli ya sehemu ya kwanza ya tamthilia inayoanzia Dar es Salaam ya 1954, mwaka ilipozaliwa TANU. Khanga zimepauka, kanzu zina rangi ya chai, baiskeli imeota kutu hadi kwenye kengele. Muongozaji kafurahi: "Hapo sawa, dada, zinaonekana za zamani." Sijui ni wa ngapi kuniambia hivyo.

Zinaonekana za zamani kwetu sisi tunaozikuta sandukuni baada ya miaka sabini. Aliyeivaa khanga ile 1954 pengine aliinunua wiki hiyo hiyo, rangi bado inang'aa. Kanzu ya kwendea mkutanoni ilifuliwa kwa sabuni ya mche, ikatiwa buluu na wanga, ikapigwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Mwenye baiskeli aliifuta kila jioni, maana ilikuwa mali. Ukimvalisha mtu huyo matambara, mtazamaji ataona kijiji cha ombaomba, na sehemu ya kwanza ndiyo inayomwambia hawa ni watu gani. Akishawaonea huruma, kuwaheshimu baadaye ni kazi.

Mtaniuliza, je, maskini? Maskini alikuwa na kiraka, lakini kiraka kimeshonwa na nguo imefuliwa. Na msiniletee picha ya kahawia mkasema ndiyo rangi ya enzi hizo. Iliyofifia ni picha. Nendeni kwa bibi yeyote wa Ilala au Magomeni mumuulize khanga yake ya harusi ilikuwa na rangi gani. Atawatajia mpaka jina lililoandikwa.

Makosa mengine ya tamthilia za zamani ni ya haraka kuyataja. Eti pesa za Tanzania zilianza na Uhuru: hapana, 1961 watu walilipa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, na senti kumi yake ina tundu katikati. Shilingi yetu ni ya 1966. Mhusika wa 1958 hasemi "Tanzania", jina hilo ni la 1964. Jengo la soko la Kariakoo, lile la mapaa kama miavuli, ni la miaka ya 1970. Kamera igeukie upande mwingine.

Na ile sebule ya Upanga, kwenye onyesho la 1978, yenye televisheni? Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, huku Bara stesheni zilianza 1994. Itoeni, wekeni redio, na iwe imefutwa vumbi.